AC ya dashibodi kwenye motohomu ya zamani: itengenezwe au iachwe?

SWALI: Nina motohomu ya mwaka 1991 hapa Texas. AC ya dashibodi haitoi baridi, ila ya kwenye paa ni nzima. Nitengeneze ya mbele au niachane nayo?
Msomaji, Houston

JIBU: Itengeneze, mradi kompresa ni nzima. AC ya paa hutumia umeme wa volti 120, hivyo safarini lazima jenereta iwake na kula mafuta muda wote. Baridi yake hubaki nyuma, huku dereva akichomwa na jua la kioo kipana na joto la injini. Dereva aliyelemewa na joto ni hatari kwa wote mliomo.

Anza hivi: zima injini, kisha zungusha kwa mkono kisahani cha mbele cha kompresa. Kikizunguka laini, kuna matumaini. Kikikwama au kikikwaruza, huenda kompresa imejisaga na kumwaga vumbi la chuma kwenye mfumo. Hapo gharama hupanda haraka. Afadhali ufunge feni ya volti 12 karibu na usukani, fedha ziende kwenye breki na matairi.

Gari lako lilitoka kiwandani na gesi ya R-12, ambayo Marekani iliacha kuizalisha mwishoni mwa 1995. Hamia R-134a. Fundi anyonye mabaki ya gesi kwa mashine, abadilishe oringi, oili na chujio la unyevu, aondoe hewa yote, ndipo ajaze gesi pungufu kidogo ya kipimo cha zamani. Asiyekubali kutafuta mvujo kwanza, usimpe kazi.