Moyo Ukiisha Kusimama

Kutoa figo au ini baada ya kufa, ili mwingine apone, ni tendo la mapendo. Lakini je, mtoaji amekwisha kufa kweli? Swali hilo huwasumbua hata madaktari na wauguzi, nasi yatupasa kulielewa.

Hapo zamani viungo vya marehemu vilitwaliwa baada ya moyo kusimama. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilieleza alama za kufa kwa ubongo. Toka hapo watoaji wengi wakawa watu waliokufa ubongo, huku mashine ikiwavusha pumzi na moyo ukidunda. Lakini viungo havikutosha. Basi njia ya kwanza ikarudiwa, na mwaka 1995 madaktari walikutana Maastricht, Uholanzi, wakawagawa watoaji wa namna hiyo katika mafungu manne.

Mara nyingi mtoaji huwa mgonjwa asiye na tumaini la kupona, ambaye imeamuliwa aondolewe mashine. Moyo ukisimama husubiriwa kwanza: Uingereza dakika 5, Italia dakika 20. Kisha viungo hutwaliwa upesi, maana visipopata damu huharibika.

Hapo wahudumu hugawanyika. Wengine husema kwamba moyo uliokaa kimya muda huo haurudi wenyewe, na kwamba kuizuia nia njema ya marehemu ni kumdhulumu. Wengine wana hofu: haja ya figo isije ikaharakisha uamuzi wa kuondoa mashine, wala jamaa wasinyimwe nafasi ya kumwaga ndugu yao.

Hofu hiyo tusiidharau, maana ndiyo mlinzi wa mgonjwa. Kwa ajili yake kanuni ni hizi. Kwanza, uamuzi wa kuondoa mashine usitegemee habari ya viungo. Pili, daktari apandikizaye asiwe ndiye athibitishaye kifo. Tatu, asiuawe mtu ili mwingine apone.

Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pius XII aliwafundisha madaktari kwamba hatufungwi kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha uhai, na kwamba kuitambua saa ya kifo ni kazi ya daktari. Ni mzigo mzito.

Nasi tuupunguze. Enyi wazazi, zungumzeni nyumbani mngali wazima, kila mmoja aseme nia yake. Kipawa hutolewa kwa hiari, na hiari yataka kutamkwa mapema.