Safari ya Noeli: Tufungashe na Afya



Mwezi wa Desemba ni mwezi wa safari. Familia nyingi za parokia zetu hufunga nyumba na kwenda kwa babu na bibi: wengine Moshi na Rombo, wengine Bukoba, Songea, Mbeya au Kigoma. Wiki mbili kabla ya safari nyumba nzima inahangaika na mizigo. Nguo za sikukuu zinanunuliwa, vitenge vya bibi vinakunjwa, mchele na sukari vinapimwa. Ni mambo mema. Lakini sisi wauguzi tunajua kwamba kuna mzigo mmoja ambao husahaulika mara nyingi, nao ni mzigo wa afya. Kila mwaka Januari ikianza tunawapokea watu ambao wangeweza kurudi salama kama mzigo huo ungefungashwa.

Katika somo hili tutajifunza nini kiwekwe, kiwekwe wapi, na nani akikumbuke.

1. MFUKO WA MKONONI

Kanuni ya kwanza ni hii: dawa haziingii kwenye buti la basi wala kwenye keria. Zina mfuko wake mdogo, unaokaa mapajani au miguuni pa mama au baba tangu nyumbani hadi mwisho wa safari.

Sababu ni tatu. Kwanza, buti lina joto kali, na joto huharibu dawa. Pili, mzigo unaweza kupotea au kushushwa njiani. Tatu, mtu akibanwa na pumu katikati ya safari, dereva hawezi kufukua mizigo ya abiria wote ili kutafuta dawa ya kuvuta.

Tuliwahi kumhudumia mzee mmoja mwenye presha ambaye begi lake lilipakiwa katika basi lingine. Dawa zake zote zilikuwa humo. Alikaa siku nne bila kumeza, akiona haya kuwasumbua wanawe wakati wa sikukuu. Siku ya tano aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauna nguvu. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba siku zile nne ndizo zilizoleta kiharusi. Lakini tunajua kwamba presha ikiachwa bila dawa hupanda kimya kimya, na mwenye nayo huenda asisikie lolote.

Kwa mfuko huo tumieni kikapu kidogo au mfuko wa kitambaa, na ndani yake kopo safi lenye mfuniko ili dawa zisilowe. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini Tanzania tangu Juni 1, 2019. Kenya na Rwanda pia zimeikataza, hivyo wanaovuka mpaka wakumbuke.

2. HESABU YA DAWA ZA KILA SIKU

Wapo ndugu zetu wanaomeza dawa kila siku: za presha, kisukari, kifafa, kifua kikuu, au za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa hizi hazina likizo. Mgonjwa wa kifafa akiacha ghafla, degedege zinaweza kurudi kwa nguvu. Anayemeza dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi akirukaruka siku, vijidudu hujifunza kuishinda dawa.

Hesabu iende hivi. Tuseme mnaondoka Desemba 20 na kurudi Januari 4. Hizo ni siku 16. Ongezeni siku 7 za dharura, kwa sababu basi linaweza kuharibika, barabara inaweza kukatika kwa mvua, au msiba ukatokea kijijini. Jumla ni siku 23. Kama dawa humezwa mara mbili kwa siku, kidonge kimoja kila mara, mnahitaji vidonge 46. Vihesabuni mezani, msikadirie kwa macho. Visipotosha, nendeni kliniki mapema, walau wiki mbili kabla ya safari, mkaeleze kwamba mnasafiri.

Dawa zibaki katika pakiti zake zenye jina na maelekezo. Msichanganye vidonge vya watu mbalimbali katika karatasi moja. Bebeni pia kadi ya kliniki, ili mkipatwa na tatizo mganga wa huko ajue mlikuwa mkitumia nini.

Kwa wanaojidunga insulini: chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi za insulini, hudumu kama wiki nne nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Isikae juani wala karibu na injini, na isigande kwa barafu. Kijijini pasipo na friji, wekeni chupa ndani ya kopo, na kopo ndani ya chungu cha udongo chenye maji kidogo, mahali penye kivuli. Mwenye kisukari asikose sukari au maji matamu mkononi. Chakula kikichelewa naye akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, apewe mara moja ikiwa bado anaweza kumeza.

3. MZIGO WA WATOTO

Mtoto husafiri na kadi yake ya kliniki. Chanjo ikiangukia siku za safari, atachanjwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi.

Wekeni pakiti tatu au nne za chumvi chumvi za kuongeza maji mwilini (ORS). Someni pakiti kabla ya kuchanganya, kwani nyingi ni za lita moja lakini zipo za nusu lita. Kama pakiti hakuna, tengenezeni nyumbani: maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vya chai 6, na chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kufuta, visiwe vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto mwenye macho yaliyodidimia, anayeshindwa kunywa, au mwenye damu katika choo, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu, hata ndani ya basi lenye joto. Hahitaji maji. Mama ndiye anywe maji ya kutosha, naye mtoto atayapata katika maziwa.

Mengine ya kuweka ni dawa ya homa ya watoto pamoja na kipimo chake, kipimajoto, gozi, plasta na sabuni. Msibebe mabaki ya dawa za kuua vijidudu yaliyosalia nyumbani mkidhani yatafaa.

4. CHANDARUA NA SWETA

Nyumba ya babu ina vitanda vichache, na wajukuu hulala sebuleni kwenye mikeka. Hapo chandarua cha nyumbani hakitoshi. Bebeni chandarua chenye dawa kwa kila mahali pa kulala watoto, pamoja na kamba na misumari michache. Katika mikoa kama Kagera, Kigoma, Tabora na Mtwara malaria bado ni nyingi. Mtoto aliyekulia mahali pa baridi au mjini penye mbu wachache mwili wake haujaizoea malaria, hivyo humwangusha haraka. Mama mjamzito naye asilale bila chandarua.

Wanaokwenda Makete, Lushoto au miteremko ya Kilimanjaro wasisahau sweta, soksi na kofia za watoto, maana usiku ni wa baridi. Mwenye ugonjwa wa seli mundu ahusike zaidi na jambo hili, kwa kuwa baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kumletea maumivu makali.

5. CHAKULA NA CHUPA

Kwa njia ya saa nyingi, bebeni vyakula vikavu: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, mkate. Wali na nyama vilivyofungwa vya moto huchacha upesi ndani ya basi. Maji ya kunywa yawe ya kutosha, na kipande cha sabuni kikae juu, si chini ya mfuko.

Tena tunasihi: mafuta ya taa, dawa za mifugo na za mashambani visitiwe katika chupa za soda au za maji. Mtoto akiwa na kiu hasomi, anafungua na kunywa. Akinywa mafuta ya taa msimtapishe, mkimbizeni hospitali pamoja na ile chupa.

6. MAMA MJAMZITO

Kabla ya kukata tiketi, mama aonane na muuguzi wa kliniki. Baada ya wiki 36 safari ndefu haifai, kwani uchungu unaweza kumkuta njiani. Anayesafiri abebe kadi yake, kanga safi na vifaa vya kujifungulia, na kila basi linaposimama ashuke, atembee kidogo.

MKISHARUDI

Homa yoyote baada ya safari ipimwe. Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu mbu aume hadi homa ianze, hivyo mtoto aliyeumwa na mbu Noeli anaweza kuugua shule zikifunguliwa. Msimpe vidonge vya kubahatisha. Mwambieni mhudumu, “Tulisafiri,” na tajeni mahali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Nani katika nyumba yetu anameza dawa kila siku? Zinatosha kwa siku ngapi?
2. Nani atabeba mfuko wa mkononi, na nani atamsaidia kukumbuka?
3. Huko tuendako, kituo cha afya cha karibu ni kipi?
4. Katika jumuiya yetu yupo mzee au mgonjwa anayesafiri peke yake? Tumsaidie vipi kuhesabu dawa zake?

Vitenge vya bibi vina nafasi yake katika begi, lakini furaha yake kubwa ni kuwaona wajukuu wakifika wazima. Tunawatakia safari njema na Noeli yenye afya.