Usimfute Kunguru

Mdogo wangu wa Minneapolis, barua yako nimeisoma yote, na kabla ya lolote pole na baridi. Kwa wasomaji wengine: mdogo wetu huyu ni mzaliwa wa Tandika, Dar es Salaam, sasa anasomea mambo ya kompyuta Marekani, na ametengeneza programu ya simu ya kuwaliwaza watu waliokumbuka nyumbani. Unaifungua, unachagua sauti, unasikiliza: mawimbi ya bahari, ndege wa porini, ngoma. Amewapa Waswahili wenzake waijaribu. Wote wameisifu, na hakuna aliyeifungua mara ya pili. Anauliza kama aongeze sauti nyingine.

Usiongeze. Kwanza niambie, mtoto wa Tandika, ni lini uliamka ukasikia ndege wa porini? Hizo ni sauti za hoteli. Unasema umezichukua Freesound, ile hazina ya sauti ya Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, iliyopo tangu 2005. Ni hazina nzuri (soma masharti ya kila sauti, maana nyingine haziruhusiwi kwenye biashara), ila sauti ya kwenu haimo. Mtu wa Tandika akifumba macho anasikia konda anapiga ubavu wa daladala, muuza karanga anachezesha sarafu mkononi, fundi cherehani wa kutembea anagonga mkasi, na kunguru wanagombana juu ya bati. Kunguru hao hatuwapendi. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakazagaa pwani nzima, na hadi leo wanatuibia vifaranga na sabuni. Lakini ukiwatoa kwenye asubuhi ya Dar, asubuhi inayobaki ni ya popote.

Katikati ya barua umesema jambo ukalipita haraka: kwamba unaongea na mama kila siku, na bado ukikata simu chumba kinakuwa kimya kuliko kabla hujapiga. Sababu ipo. Simu nyingi za siku hizi zina maikrofoni zaidi ya moja: moja chini karibu na mdomo, nyingine juu au mgongoni. Hiyo ya pili inasikiliza mazingira, kisha simu inayapunguza ili abaki msemaji tu. Programu za kuongea kwa video nazo zimefundishwa kuitambua sauti ya mtu na kuona kila kingine ni kelele. Sasa mama anakupigia akiwa uani, jirani anatwanga, maji yanajaa kwenye ndoo, redio ya dirishani inatangaza mpira, na wewe unampata mama peke yake, kama yupo studio. Uani wote umefutwa njiani. Halafu uko kwenye mji ambao theluji mpya inanyonya sauti za nje, na kilichobaki kinaishia kwenye madirisha ya vioo viwili.

Basi kazi ya programu yako ni kurudisha kile kilichofutwa. Ukikimbilia sauti kubwa-kubwa za kutoa machozi utaumiza watu, na hili si jambo jipya. Mwaka 1688, huko Basel, mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliandika tasnifu nzima juu ya ugonjwa wa kukumbuka kwao, akiwaelezea vijana wa Uswisi waliodhoofika ugenini. Miaka 80 baadaye Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya 1768, akasimulia kwamba ilikatazwa, kwa adhabu ya kifo, kuwapigia askari wa Uswisi wimbo wa wachunga ng'ombe wa kwao, kwa sababu waliousikia walilia, walitoroka jeshini au walikufa. Huenda chumvi imo. Ila aliongeza neno la akili: mgeni akiusikia wimbo huohuo haumfanyi kitu. Nguvu haikuwa kwenye muziki, ilikuwa kwenye kumbukumbu ulizoziamsha.

Ndiyo maana nakwambia uziogope nyimbo, na uogope zaidi sauti ya mama anayeita jina la mtu. Sauti hiyo mtu ataacha kila kitu aisikilize, na akishaisikiliza vizuri ndipo anapotambua kwamba mama hayupo hapo. Uani haumuiti mtu. Unaendelea na shughuli zake, naye anaendelea na zake, anaosha vyombo, anasoma, anakunja nguo, na masikio yapo nyumbani bila yeye kusimama kulia. Huo ndio unafuu unaoutafuta.

Haya, kurekodi. Usimwambie mtu wa nyumbani akurekodie sauti nzuri, atakuletea kwaya. Mwambie aweke simu dirishani jikoni, juu ya khanga iliyokunjwa ili isipokee mtikisiko wa ukuta, aiweke kwenye hali ya ndegeni asije akapigiwa katikati, kisha aende zake. Upepo ukivuma aivalishe soksi nyepesi. Kama kinasa sauti cha simu kina sehemu ya kupunguza kelele, izimwe. Na iachwe nusu saa nzima, kwa sababu dakika za mwanzo ni za kutupa: watu wananong'ona, mtoto anauliza kama inarekodi, mama anaisogelea anakusalimia. Baadaye wanaisahau.

Hapo ndipo unapata kitu. Ufagio wa chelewa unapita mchangani, mkupuo mrefu, mfupi, mfupi, halafu unatulia kwa sababu anayefagia ameinama kuokota kitu. Bomba linafunguliwa. Ndoo tupu inanguruma kwa sauti nzito, na kadiri maji yanavyopanda mlio unazidi kuwa mwembamba, mpaka wewe uliyekulia pale unajua bila kuangalia ni wakati gani mtu atafunga. Hakuna maktaba ya sauti itakayokupa ndoo ya kwenu.

Akimaliza, asitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana ule umetengenezwa kwa ajili ya maneno. Atume kama faili. Tena mpunguzie mzigo. Rekodi isiyobanwa, ya ubora wa CD, inakula kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo nusu saa ni MB 300, na hilo ni bando la mtu. Ukiibana hadi kilobiti 128 kwa sekunde inashuka kuwa karibu MB 1 kwa dakika, na kwa sauti za uani inatosha kabisa. Programu yako ifanye kazi hiyo kwenye simu ya mama, kabla ya kutuma. Ukingoja ifike kwenye seva yako, bando la mama limeshaliwa.

Suala la saa umelitaja kwa mstari mmoja tu, nami naliona gumu kuliko yote. Wakati wa baridi, saa kumi na moja alfajiri ya Dar ni saa mbili usiku Minneapolis. Je, msikilizaji apewe saa ya kwao au saa ya alipo? Ningekuwa mimi ningempa ya kwao jioni, wakati anaosha vyombo na huko nyumbani ndiyo kwanza wanafagia; kuna raha yake kujua kwamba wakati huu hasa mtu fulani yuko uani. Lakini akipanda kitandani umnyamazishie jogoo. Mpe usiku wa nyumbani: mvua juu ya bati, feni, vyura, mbwa wa mbali.

Na adhana uwe mwangalifu nayo. Karibu kila rekodi ya alfajiri ya Dar itakuwa nayo, na ndivyo inavyotakiwa. Ila ikisikika saa mbili usiku kwenye nyumba ya Waislamu wa Minneapolis, bibi aliyepo chumba cha pili anaweza kunyanyuka akachukue udhu. Weka alama kwenye rekodi ili mtu aweze kuiruka. Usiikate katikati, usiirudierudie, na usiifanye mlio wa taarifa za programu.

Kuhusu kurudia, sikio ni jasusi. Mfuniko wa sufuria ukianguka mara ya pili kwa mlio uleule, mchezo umeisha. Kwa usiku, pachika rekodi mbili za urefu usiolingana, tuseme mvua ya dakika 17 na feni ya dakika 23: zikizunguka pamoja, hazitakutana tena pale zilipoanzia mpaka zipite dakika 391, na mtu ameshaamka. Ya uani usiirudie kabisa. Ikiisha, iishe. Anayetaka zaidi ampigie mama amwombe nyingine. Najua walimu wako wanataka mtumiaji abaki ndani ya programu muda mrefu. Waachie wenyewe hiyo.

Halafu kuna majirani. Nyumba zetu zimebanana, ukuta mmoja kwa watu wawili, na nusu saa ya dirishani inaweza kubeba deni la mtu, ugomvi wa mtu na mumewe, jina la mgonjwa. Kenya wana sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022, lakini hata bila sheria ungeona aibu. Rekodi ya familia ibaki kwa familia, na anayerekodi aisikilize yeye kwanza, akate anachotaka kukata, kabla haijaondoka kwenye simu yake. Ukiona lazima uwe na rafu ya wote, weka huko sokoni, stendi na kivuko cha Kigamboni, na uangalie muziki unaosikika kwa nyuma, maana una mwenyewe.

Lingine hukuniuliza. Siku moja, kwenye mojawapo ya rekodi hizo, kikohozi cha babu kitakuwa cha mtu aliyekwisha kufariki. Weka kitufe cha kuiweka rekodi kando bila kuifuta, mahali ambapo haiwezi kujitokeza hadi mwenyewe aitafute. Na ile tabia ya simu kukukumbusha ghafla kwamba siku kama ya leo mwaka jana ulikuwa na fulani, kwenye programu yako isiwepo kabisa. Kama kuna usiku mmoja utakosa usingizi kwa ajili ya kazi hii, uwe wa hilo.

Mwisho umeuliza kama uweke matangazo. Hebu fikiria mtu ametulia jikoni kwa bibi yake, mara tangazo la kubeti. Hapana, jamani. Gharama za kufidia ni hizi: kujisajili Google Play ni dola 25 mara moja tu. Apple wanataka dola 99 kila mwaka. Anza na Google, kwa sababu simu za mama zetu wengi ni za Android, na rekodi zinatoka kwao. Anayesikiliza huko Marekani mtoze kidogo kwa mwaka, hatakosa. Anayerekodi usimtoze hata senti, na ukipata namna ya kumrudishia bando lake, mrudishie.