Kudhibiti Kasi na Nafasi ya Diski Wakati wa Kuhamisha Mafaili

Chukulia kituo cha afya kilichopo Pande, wilayani Kilwa, chenye modemu moja ya mtandao wa simu. Kompyuta inatuma nakala ya kumbukumbu yenye megabaiti 600, nayo inachukua kasi yote iliyopo. Wakati huohuo muuguzi anatuma taarifa ya rufaa ya mama mjamzito anayetokwa damu kwenda Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Taarifa hiyo ni ndogo, lakini inakwama nyuma ya faili kubwa. Kwa mama huyo, dakika hizo si za kupoteza.

Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996, huendeshwa kwa amri za kuandika na inaweza kuwekewa mpaka wa kasi:

rsync --partial --bwlimit=100

Namba 100 ni kilobaiti kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, faili lililotajwa huchukua takriban saa 1 na dakika 40, na kasi inayobaki hutumika kwa shughuli nyingine. Neno --partial huhifadhi sehemu iliyokwisha kufika, ili mtandao ukikatika, amri hiyo ikirudiwa isianze upya.

Tahadhari ichukuliwe katika vipimo. Programu ya scp hupima mpaka wake kwa kilobiti, na kilobaiti 1 ni kilobiti 8. Hivyo, mpaka wa kilobaiti 100 huandikwa scp -l 800. Anayeandika 100 atapata kasi iliyo pungufu mara 8.

Diski nayo ina mpaka. Kwa kawaida rsync huandika faili jipya kando ya la zamani, kisha hulibadilisha. Kwa hiyo diski inayopokea huhitaji nafasi ya yote mawili kwa muda. Amri ya df -h ionyeshe kwanza nafasi iliyobaki, kwani diski ikijaa, mfumo wa kumbukumbu hushindwa kuandika taarifa za wagonjwa wapya. Neno --max-size=20m huacha mafaili yanayozidi megabaiti 20, yatumwe usiku.

Hata hivyo, rufaa ya dharura isitegemee intaneti pekee. Mjamzito, aliyejifungua au ndugu wa mtoto mchanga anaweza kupiga namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama kuomba usafiri. Nakala ya kumbukumbu inaweza kusubiri hadi asubuhi, mgonjwa hawezi.