Je, Dunia Yahitaji Lugha Nyingine ya Kutungwa?

Wako wenzetu hapa shuleni wasemao kwamba ugomvi wa mataifa watokana na wingi wa lugha, na kwamba yafaa wataalamu wakae watunge lugha moja nyepesi, isiyo ya taifa lolote, ifundishwe dunia nzima. Hoja hii si ya kuchekwa. Lakini kwanza yatupasa kujua kwamba kazi hiyo imekwisha kufanywa, tena si mara moja.

Mwaka 1880 padre mmoja Mjerumani, Johann Martin Schleyer, alitoa kitabu cha lugha aliyoiita Volapük. Ilipata wafuasi upesi, ikaanguka upesi vile vile, kwa kuwa wafuasi walitaka kuirekebisha, na padre akashikilia kwamba hapana mtu wa kuigusa ila kwa idhini yake. Mwaka 1887 akaja daktari wa macho, L. L. Zamenhof. Huyu alizaliwa Białystok, mji waliokaa Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wayahudi, kila kundi na lugha yake, wala hawakupendana. (Sisi wa Gisenyi twaweza kuufahamu mji huo: sokoni kwetu mtu husalimu kwa Kinyarwanda, akapatana bei kwa Kiswahili, akaandikiwa risiti kwa Kifaransa.) Lugha yake ni Kiesperanto, na kwa kweli ni kazi safi. Kila jina huishia na o, kila sifa na a, na wingi ni kuongeza j tu: libro ni kitabu, libroj ni vitabu. Granda ni kubwa. Tia mal mbele, nayo malgranda ni ndogo, huna haja ya kukariri neno la pili. Tena Zamenhof alikuwa na busara kumpita padre, maana aliwaachia watu lugha iwe yao. Ndiyo sababu ingali hai, na mwezi wa Agosti 2024 mkutano wake mkuu wa dunia ulifanyika Arusha, mara ya kwanza katika Afrika.

Hata hivyo watu hawakutosheka. Mwaka 1907 ikatoka Ido, mwaka 1951 Interlingua, na mwaka 1970 Mghana K. A. Kumi Attobrah akatunga Afrihili, akichukua maneno ya Kiswahili, Kiakan na lugha nyingine za bara letu. Wangapi kati yenu wamepata kuisikia? Kila mtungaji alikuja kupunguza wingi wa lugha, akaongeza moja.

Na huo wepesi, ni wepesi kwa nani? Ajuaye Kifaransa ataona libro akakumbuka kitabu mara moja. Mtoto wa mashamba ya Rubavu asiyejua Kifaransa hapati msaada huo. Lakini mfundishe mtu na watu, kitu na vitu, kusoma: kwao asema umuntu na abantu, ikintu na ibintu, gusoma. Huyo ameingia nusu ya nyumba kabla ya kubisha hodi.

Watajibu kwamba Kiswahili kina wenyewe, na lugha ya kutungwa haina mwenyewe. Ni kweli, walakini Kiswahili sanifu nacho kilipita mikononi mwa kamati: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, na tangu 1930 kamati ikashughulika na tahajia na vitabu. Tofauti ni kwamba kamati ile ilikuta watu wanasema tayari. Hapa Rwanda zamani wengi walikihesabu kuwa lugha ya madereva, askari na wafanya biashara. Mwaka 2017 kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Upande wa Goma utasikia "batoto" mahali pa watoto. Mwalimu atatia kalamu nyekundu, lakini muuza samaki na mteja wake wamekwisha elewana. Lugha mpya ya kutungwa haina muuza samaki.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Kazi iliyobaki ni ya namna nyingine. Chombo kimoja kilicho katika kila ofisi, huyu akiita kompyuta, yule tarakilishi, na mwingine ngamizi. Katika somo la fizikia tabu ni kubwa zaidi. Afrika Mashariki ina Kamisheni yake ya Kiswahili huko Zanzibar, nayo haitakosa la kufanya. Nanyi wakubwa wetu mnaofanya kazi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, tuandikieni: huko ofisini mwatumia neno lipi?