TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Kibla gizani



Umeamka kula daku, umeme umekatika. Unageuka huku na huku ukitafuta simu uwashe tochi, huioni. Unasimama uswali. Hivi kibla ni upande gani? Chumba ni chako mwenyewe, lakini huna uhakika.

Ndani ya ubongo zipo seli zinazoshika upande tunaotazama. James Ranck, mwanasayansi wa Marekani, alizigundua kwa panya mwaka 1984. Kila seli ina upande wake: kichwa kikielekea huko inaamka, kikigeuka inanyamaza na nyingine inashika zamu. Gizani hazilali. Zinafuata mizunguko yako kwa msaada wa sikio la ndani. Ila kila ukigeuka linaingia kosa dogo, na makosa hujumlishana bila wewe kuhisi. Kinachozirekebisha ni alama unayoijua.

Hapa Bagamoyo, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Ukielekea kibla, bahari iko mkono wa kulia. Mihrabu ya msikiti wa kale wa Kaole imeelekezwa hukohuko. Basi gizani usikisie tu. Papasa ukuta, gusa dirisha, ndipo unuie.

Na moyo ni hivyohivyo. Mtu hampi Mola wake mgongo kwa siku moja. Hugeuka kidogo kidogo, huku akijiona yuko sawa. Ndiyo maana tumepewa alama mara tano kwa siku.

Leo kabla ya kufuturu jiulize: nimeelekea wapi?

Allah atuongoze. Amin.