Somo la Afya: Ukimpa Ndugu Yako Figo, Wewe Utabaki Mzima?

Familia yenye mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hufika siku moja kwenye swali hili. Mgonjwa amechoka na safari za hospitali kila wiki, daktari ametaja upandikizaji, na nyumbani watu wanatazamana. Nani atatoa figo? Na huyo atakayetoa, ataishi?

Swali hili liliwasumbua hata madaktari walioanza kazi hii. Mwaka 1956, Dkt Joseph Murray na wenzake walichapisha katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani taarifa ya upasuaji walioufanya Boston tarehe 23 Desemba 1954. Richard Herrick alikuwa karibu kufa kwa ugonjwa wa figo. Pacha wake, Ronald, alikuwa mzima.

Wakati wa vita Murray alikuwa ametibu askari walioungua, akaona kwamba ngozi ya mtu mwingine hushika kwa muda tu, kisha mwili huikataa. Pacha wa yai moja ndiye asiyekataliwa. Kwa hiyo Richard na Ronald walipimwa kwanza. Alama zao za vidole zililinganishwa, na kipande cha ngozi ya mmoja kikabandikwa kwa mwenzake. Kilishika.

Lakini kumpasua mtu asiyeumwa popote, ambaye mwili wake haufaidiki na kisu hicho, lilikuwa jambo zito. Madaktari walitafuta ushauri wa viongozi wa dini na wanasheria. Richard mwenyewe, usiku wa kuamkia upasuaji, alimwandikia nduguye kikaratasi akimtaka arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba haondoki.

Richard aliishi miaka 8 zaidi, akaoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto wawili. Ronald alifariki Desemba 2010 akiwa na umri wa miaka 79. Aliishi miaka 56 na figo moja.

Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, na hakuna upasuaji usio na hatari. Ila tangu wakati huo watoaji wengi wamefuatiliwa, na wengi wao huendelea na maisha ya kawaida, kwa sharti moja: wawe walipimwa sawasawa. Figo iliyobaki huongezeka ukubwa kidogo na kubeba kazi ya mwenzake. Ndiyo maana mwenye kisukari, au presha isiyodhibitiwa, hukataliwa hata kama ana moyo wa kutoa. Asikasirike; analindwa.

Kwa anayepokea, figo mpya huwekwa chini ya tumbo, na zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Kama mtoaji si pacha wake wa yai moja, atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Wapo wanaoziacha kwa sababu wanajisikia wazima, na hivyo hupoteza figo waliyopewa kwa taabu.

Huduma hii si ya ng'ambo pekee. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta imekuwa ikipandikiza figo kwa miaka mingi. Kwa jirani zetu Tanzania, Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017.

Sasa kuhusu pesa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaruhusu kutoa kiungo kwa hiari. Kuuza au kununua ni kosa. Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja mjini Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi, baada ya madai ya biashara ya figo. Kijana wa Malindi, Mariakani au Ganze akifuatwa na dalali anayemwahidi pesa na safari, ajiulize nani atampima presha miaka 10 baadaye. Dalali hatakuwapo.

Familia iliyo tayari ianze na daktari wa kliniki ya figo anayemtibu mgonjwa, na iulize mapema ni gharama zipi zinalipwa na SHA na zipi zitabaki kwao. Mtoaji aombe kuzungumza na daktari peke yake, mgonjwa na wazee wakiwa nje. Anaweza kubadilisha nia hata asubuhi ya upasuaji, na halazimiki kumweleza mtu sababu. Akishatoa, apimwe presha, damu na mkojo kila mwaka.